«Eko» au «iko»: kipatanishi kama kipimo cha filamu za Halloween

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, kila kikundi kilipewa TP ya kuandika maandishi ya chini ya skrini, kwa Kiswahili sanifu, kwa dakika kumi za filamu ambayo wanakikundi wanaijua. Sisi watatu tulichagua Halloween ya mwaka 1978. Sababu haikuwa ya kitaaluma: watu wa filamu ile wanasema kidogo, tena polepole, na tulihesabu kwamba tutamaliza kwa siku moja. Tulikaa wiki mbili. Sentensi moja ndiyo iliyotukwamisha, na makala haya yametoka katika sentensi hiyo.

Kwa asiyeijua filamu: Michael Myers, mtoto wa miaka sita, anamuua dada yake kwa kisu usiku wa tarehe 31 Oktoba 1963, katika mji mdogo wa kubuniwa uitwao Haddonfield, jimbo la Illinois. Usiku huo ndio wa Halloween, ambao watoto wa Marekani huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Mtoto anafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa miaka kumi na mitano, anatoroka, anarudi mjini kwao na kuanza kuwafuata wasichana wanaolipwa kulinda watoto wa majirani. Mmoja wao, Laurie Strode, anachezwa na Jamie Lee Curtis. Daktari Sam Loomis, anayechezwa na Donald Pleasence, anamfuata mgonjwa wake akiwa na bastola.

Sentensi yenyewe iko mwanzoni. Ni usiku wa mvua, daktari na muuguzi wamo garini wakienda hospitalini kumchukua mgonjwa. Daktari anamtaja kwa kiwakilishi cha Kiingereza kinachotumika kwa vitu. Muuguzi anamuuliza kama isingekuwa vyema zaidi kutumia kile cha watu. Basi. Katika Kiingereza ni maneno mawili mafupi yanayogongana. Mtafsiri wa Kifaransa ana taabu yake, maana «il» hubeba mtu na kitu pamoja. Sisi tulidhani tuna bahati, kwa kuwa lugha zetu za Kibantu zimejaa ngeli. Kumbe taabu yetu ni kubwa zaidi: katika Kiswahili kila kitenzi kinadai kipatanishi. Huwezi kusema «alitoroka» bila kuwa umeshaamua aliyetoroka ni nini.

Kanuni tuliifundishwa mwaka wa kwanza. Jina la kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya 1 na ya 2 hata kama sura ya jina ni ya ngeli nyingine: kiboko anaogelea, kipofu amefika, jambazi amekamatwa. Lakini hadithi zetu zimeacha mlango wazi. Zimwi lilikuja, jitu likasimama, dubwana likawameza. Zimwi lina uhai, linakula, mara nyingine linasema na kuimba, na bado tunalipa li-. Kwetu Lubumbashi, ambako ngeli nyingi zimepungua katika mazungumzo, tofauti hii haikufa. Imejikusanya katika vokali moja. Mtu «eko», kitu «iko».

Nilipokuwa nikiipigania vokali hiyo na wenzangu ndipo nilipogundua kwamba tunabishana juu ya jambo lingine, ambalo ni ubora. Mfululizo huu una filamu kumi na tatu, kutoka 1978 hadi 2022, na kila anayezifahamu ana orodha yake ya nzuri na mbaya. Ukimwuliza sababu, anakupa moja kati ya tatu. Ya kwanza ni fedha. Filamu ya 1978 ilitengenezwa kwa dola kama 300,000 na ikaingiza makumi ya mamilioni; ile ya 2018 ilipita milioni 250 duniani. Kwa hesabu hiyo ya 2018 ndiyo bora, ila bei ya tiketi si ile ile, na hata kama ingekuwa ile ile, tiketi hununuliwa kabla ya kuona filamu. Sababu ya pili ni wingi na ukali wa mauaji. Hapo filamu ya kwanza inashindwa na karibu zote, maana watu wanaouawa ndani yake hawazidi vidole vya mkono mmoja na damu ni kidogo mno. Sababu ya tatu ni kwamba ya kwanza huwa bora siku zote. Hilo linaweza kuwa kweli, lakini halisemi kwa nini, na mwanafunzi wa lugha hapati pa kulishika.

Pendekezo langu ni hili: angalia kila filamu inampa muuaji kipatanishi gani, na kama inajua inachofanya inapokichagua.

Tuanze na ya kwanza, ambayo inastahili kukaliwa kwa muda mrefu. John Carpenter, aliyeiongoza na kuiandika pamoja na Debra Hill, anaifungua kwa macho ya muuaji. Kamera inazunguka nyumba, inaingia jikoni, inachukua kisu, inapanda ngazi. Hatuoni mtu; tunaona anachokiona. Ni kitenzi bila kiima. Kisha wazazi wanafika, kinyago kinavuliwa, na hapo tunaona mtoto aliyevaa nguo za mchekeshaji na tunasikia jina: Michael. Kwa hiyo filamu inaanza kwa kutupa jina na uso. Baada ya hapo inatunyang'anya vyote viwili. Orodha ya waigizaji mwishoni inaeleza jambo hilo waziwazi kuliko mhakiki yeyote: aliyevaa kinyago, Nick Castle, ameandikwa kama «Umbo». Jina la Michael Myers limewekwa kwa waigizaji wengine wawili, mtoto wa mwanzo na kijana ambaye uso wake unaonekana kwa sekunde chache Laurie anapomvua kinyago. Tena wamemwandikia miaka 23, ilhali ukijumlisha 6 na 15 unapata 21. Hata walioandika orodha hawakumjua vizuri.

(Katika kikundi chetu mmoja alitaka tutafsiri «Kivuli», mwingine «Jitu». Tulibaki na «Umbo», kwa sababu kivuli kina mwenyewe.)

Mwishoni Laurie anamwuliza daktari kama lile lilikuwa zimwi, lile ambalo mtoto anayemlinda amekuwa akiliogopa jioni nzima. Daktari anakubali kwamba ndilo. Ametoka kumpiga risasi sita, mtu ameanguka kutoka ghorofani, na daktari anapochungulia chini majani ni matupu. Kisha kamera inatuonyesha mahali tu: ngazi, sebule, nyumba kutoka nje, nyumba ya zamani ya akina Myers. Hakuna mtu. Kinachosikika ni pumzi. Hapa Kiswahili kinafanya kazi ambayo Kiingereza hakiwezi kuifanya kwa wepesi, maana tuna ngeli za mahali na mahali panaweza kuwa kiima: mle mnanuka, kule kumelala, mle mnahema. Sijui njia bora ya kueleza picha zile za mwisho kuliko «mle mnahema». Mwanzoni tulikuwa na kitenzi bila kiima, katikati a- na li- zinashindania mwili mmoja, mwishoni kiima ni nyumba. (Mwenzangu aliongeza kwamba «mnahema» ni pia ninyi watazamaji. Tulicheka, lakini hakukosea.)

Filamu ya pili, ya mwaka 1981, inaendelea usiku ule ule hospitalini. Iliongozwa na Rick Rosenthal, lakini waandishi ni wale wale wawili, na wao ndio walioleta habari kwamba Laurie ni mdogo wake Michael, aliyelelewa na familia nyingine. Carpenter mwenyewe baadaye hakuona fahari juu ya wazo hilo. Methali yetu inaeleza kilichoharibika: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika filamu ya kwanza Laurie anafuatwa kwa sababu alipeleka ufunguo kwenye mlango wa nyumba ile, yaani kwa sababu isiyo sababu. Ingeweza kuwa mimi au wewe. Ndugu akiingia, wewe umeokoka. Wewe si ndugu yake.

Jambo hilo lilirudi nyuma na kugusa hata filamu ya kwanza. Ilipoandaliwa kwa televisheni ya Marekani mwaka 1981, ilikuwa fupi kuliko muda uliotakiwa, ikabidi Carpenter apige matukio mapya. Katika mojawapo, mlango wa chumba cha mgonjwa umekwaruzwa neno moja la Kiingereza, «Sister». Jaribu kulitafsiri. Kwetu ndugu mkubwa ni yaya, na aliyezaliwa nyuma yako ni mdogo. Yaya wake ni Judith, aliyekwisha kufa. Mdogo wake ni Laurie, aliye hai. Neno la Kiingereza linawafunika wote wawili, na ule ukungu kidogo ndio jambo pekee ninalolipenda katika tukio hilo. Mtafsiri wa Kiswahili ataupoteza, atake asitake.

Filamu ya tatu, ya 1982, haina Michael kabisa. Ina mfanyabiashara anayeuza vinyago vitakavyoua watoto kwa ishara ya tangazo la televisheni. Nia ilikuwa kila filamu iwe hadithi mpya chini ya jina moja. Watazamaji waliikataa, na miaka mingi iliitwa mbaya kwa kosa la jina lake tu. Siku hizi wengi wanaitetea. Kipimo changu hakiifikii, nami sitajifanya kwamba kinaifikia.

Kisha angalia vichwa vya filamu tatu zilizofuata: Kurudi kwa Michael Myers mwaka 1988, Kisasi cha Michael Myers mwaka 1989, Laana ya Michael Myers mwaka 1995. Kiunganishi cha umiliki mara tatu, na jina kamili mara tatu. Mtu anayerudi, mwenye kisasi, mwenye laana. Ya 1988 bado ina nguvu, hasa tukio la mwisho, ambapo mtoto wa Laurie aitwaye Jamie anasimama juu ya ngazi na mkasi, amevaa nguo za mchekeshaji kama zile za mwaka 1963: li- imehama na kukaa ndani ya mtoto tuliyempenda. Ile ya 1995 inaeleza kila kitu kwa kundi la siri na alama ya uchawi wa kale, na ipo katika matoleo mawili yanayopingana, hivyo hata maelezo hayaelezi.

Lakini ile ya 1989 ina dakika moja ambayo lazima tuisimamie. Jamie amenaswa. Badala ya kulia anamwita muuaji kwa neno la Kiingereza linalomaanisha kaka wa baba, kaka wa mama, hata mume wa shangazi. Anamwomba aone uso wake. Yeye anavua kinyago, na chozi linamshuka. Wapenzi wengi wa mfululizo huu hulicheka chozi lile. Kwa Kiswahili neno la Jamie haliwezi kuwa jingine ila «mjomba», kwa sababu ni kaka wa mama yake. Kwa msomaji wa kusini mwa nchi yetu, hasa kwa Babemba ambao ukoo wao huhesabiwa upande wa mama, mjomba ni mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Tukio linalochekwa kwa Kiingereza lingekuwa zito katika tafsiri. Hapo kipimo changu kiliniyumba kwa mara ya kwanza, maana a- imeingia na tukio halikufa.

Kiliyumba tena kwa filamu ya 1998. Hii inazifuta zile tatu. Laurie ni mkuu wa shule huko California, anaishi kwa jina la uongo, anakunywa kupita kiasi. Mwishoni Michael amebanwa na gari, ananyoosha mkono, na Laurie karibu auguse. Kwa pumzi chache hatujui kama ni ndugu anayeomba au kitu kinachotega. Kisha shoka. Ni mojawapo ya miisho mizuri ya mfululizo wote, ingawa undugu ule nimeulaumu hapo juu. Kwa hiyo nilipaswa kurekebisha kanuni yangu. Si kwamba li- ni bora na a- ni mbaya. Filamu hutisha pale ambapo kipatanishi kinasitasita na mtazamaji analazimika kukichagua mwenyewe. Ya 1978 inasitasita kutoka mwanzo hadi mwisho. Zilizo dhaifu huchagua mapema na kulala. Ile ya 2002, yenye kamera za intaneti ndani ya nyumba ya akina Myers, haisitisiti hata kidogo, tuiache.

Rob Zombie mwaka 2007 alichagua a- kwa makusudi na kwa ujasiri. Karibu nusu ya filamu ni utoto wa Michael: mama anayecheza baa, baba wa kambo anayetukana, wanafunzi wanaomwonea, mazungumzo marefu na daktari, vinyago anavyojitengenezea chumbani mwake. Kama filamu juu ya mtoto aliyeharibiwa, ni nzuri, na mtoto anayeigiza anashika moyo. Kama filamu ya Halloween inapoteza kitu, kwa sababu nusu ya pili inarudia ile ya 1978 kwa mtu ambaye tumeshakunywa chai nyumbani kwake. Neno dogo «kama» linahitaji kuheshimiwa zaidi katika mijadala yetu. Tunapigana juu ya «nzuri» wakati ugomvi wote uko kwenye «kama nini».

David Gordon Green mwaka 2018 alifuta kila kitu isipokuwa filamu ya kwanza. Undugu umebaki kuwa uvumi ambao mjukuu wa Laurie anaukanusha kwa sentensi moja. Orodha ya waigizaji imerudisha «Umbo». Lililo la akili zaidi ni kwamba wale wanaotaka a- wamewekwa ndani ya hadithi: waandishi wawili wanaomwinulia kinyago kwenye ua wa hospitali ili ageuke, na daktari mpya ambaye hamu yake yote ni kumsikia akisema. Hageuki. Hasemi. Waandishi wanauawa, daktari pia.

Nilitaka kuishia hapo, na TP ingetosha. Lakini filamu ya 2021, ambayo kwa vipimo vingi ni hafifu, yenye kelele na maneno mengi, ina tukio lililonirudisha kwenye gari lile la usiku wa mvua. Umati wa watu wa Haddonfield umejaa hospitalini. Mgonjwa mwingine wa akili, aliyetoroka pamoja na Michael, mtu mfupi mwenye hofu, anaingia humo. Mmoja anapaza sauti kwamba ndiye. Wanamkimbiza kwenye ngazi na korido mpaka anajitupa kutoka dirishani. Uso wake haufanani na Michael kwa lolote, lakini hakuna aliyekuwa akitazama uso.

Kwenye barabara yetu, nilipokuwa na miaka kumi hivi, alikuwapo mtu aliyekuwa akipita kila jioni akijisemesha, amebeba chupa tupu kwenye gunia. Watoto tulimkimbia. Jioni moja nilimwona kwenye kona, nikaingia ndani mbio, nikamwambia mama: «Iko inakuja!» Mama alikuwa anachambua sombe. Hakuinua kichwa. Alisema: «Eko. Sema eko anakuja.» Nikarudia. Akaniambia nimpelekee maji.

Kwa hiyo muuguzi ana haki, na filamu bora ya mfululizo inapata nguvu zake kwa kumpuuza. Ninaisifu filamu hiyo kwa kipatanishi ambacho mama alinikataza. Wenzangu wanasema filamu ni filamu na barabara ni barabara. Mhadhiri mmoja alinijibu kwamba nachanganya sarufi na maadili. Inawezekana. Ila sarufi ya lugha yetu inataka niamue kabla sijamaliza kitenzi, na ile ya 2021 inaonyesha umati ulioamua haraka.

Katika kazi tuliyopeleka, daktari anatumia li- na muuguzi anamrudisha kwenye a-. Jibu la daktari katika filamu ni fupi sana, la mtu anayekubali ili yaishe. Tuliandika: «Ukitaka hivyo.» Wakati wa kusahihisha tuliona kwamba ndani yake hakuna kipatanishi chochote cha mgonjwa, si cha mtu, si cha kitu. Tulijaribu kuongeza kimoja ili msomaji aelewe, tukakifuta.